Tulipomtafuta mwenyekiti asiye mmoja wetu

Yule mzee hakupaza sauti. Alisomewa uamuzi wa lalamiko lake, akaukunja waraka mara nne, akautia kwenye mfuko wa shati, kisha akanifuata koridoni. "Mwanangu," akaniambia, "mle ndani mlikaa watu watano. Katika hao watano, wangu alikuwa nani?"

Nilikuwa katibu wa chama cha wathamini, watu wanaokadiria thamani ya ardhi na mali, hapa Dodoma, na jibu lililonijia lilikuwa la kikatibu: kamati ya maadili haina mtu wa huyu wala wa yule, inafuata kanuni. Sikulitoa. Nilijua, naye alijua, kwamba wote watano ni wathamini, kwamba watatu kati yao walisoma pamoja na aliyelalamikiwa, na kwamba mwenyekiti aliwahi kukaa naye ofisi moja. Hakuna aliyehongwa, hilo naliamini hadi leo. Hata uamuzi wenyewe nikiusoma tena naona ulikuwa na hoja zake. Lakini mzee aliondoka na neno moja tu, "Kesi ya ngedere mmempa nyani," akavuka barabara kusubiri daladala ya Nala. Nikabaki nimesimama na faili mkononi.

Ilikuwa miaka ile ardhi ya Dodoma imeshika moto. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini mji ulikua kwa mwendo wake wa polepole. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli. Mwaka 2017 CDA, iliyokuwa ikisimamia ardhi ya mji, ikavunjwa na kazi zake zikaenda manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mashamba ya mtama na mizabibu yakageuka viwanja, barabara na majengo ya ofisi. Ardhi ya mtu ikitwaliwa, sheria za ardhi za 1999 zinataka alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa haraka, na wa kufika shambani kuandika kilichopo ni mthamini. Anahesabu miti, anapima nyumba, anampiga picha mwenye mali amesimama mlangoni na namba yake kifuani. Karatasi zile ndizo zitakazosema kama mtu huyu atajenga tena au atakwenda kupanga chumba Chang'ombe. Kazi nzito namna hiyo ikifanywa vibaya lazima mtu aje kulalamika. Na akija kwetu alikuwa anakuta waamuzi wote ni wenzake na yule anayemlalamikia.

Niseme mapema kamati ya chama kama chetu inaweza nini, maana wengi wanaitarajia isichoweza. Haiongezi fidia hata shilingi moja. Ubishi juu ya kiasi una njia yake, kwa Mthamini Mkuu wa Serikali na mahakamani. Leseni nayo iko mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wathamini, chini ya sheria ya 2016. Sisi tunaangalia mwenendo wa mwanachama: alifika shambani kweli? Alimsikiliza mwenye mali? Alisema ukweli kwenye fomu? Tunaweza kumwonya, kumsimamisha uanachama, au kupeleka jambo lake kwa Bodi. Nguvu yetu ndogo hiyo inategemea kuaminiwa. Asiyeaminiwa hata akiamua sawasawa hajaamua kitu.

Nilipopeleka kwenye mkutano mkuu pendekezo la kuwa na mwenyekiti asiye mthamini, ukumbi ulichafuka. Hoja kubwa ilikuwa hii: mtu asiyejua tofauti ya bei ya soko na gharama ya kujenga upya atatuongozaje? Sikuidharau, maana mwenyekiti asiyeelewa anaweza kuburuzwa na mwanasheria wa upande wowote. Nikaeleza kwamba wathamini watatu watabaki ndani ya kamati, watu wa nje wawe wawili tu, na mmoja wao ndiye akalie kiti. Nikawaeleza kwamba Uingereza baraza la madaktari lilipata mjumbe wa kwanza asiye daktari mwaka 1926, na tangu 2009 nusu ya wajumbe wake si madaktari. Watu wakasikiliza kwa adabu, basi.

Aliyegeuza ukumbi ni mwanachama wetu mkongwe kuliko wote. Alisimama, akashika mgongo wa kiti, akasema: "Mimi nimekulia Bahi. Mahakama ya mwanzo ya kwetu hakimu alikuwa anakaa na washauri wawili, wazee wa kijijini, na wakitofautiana zinahesabiwa kura zao pamoja na ya hakimu. Mfugaji ameamua kesi ya wizi na watu wakaenda nyumbani. Leo mnaniambia hawezi kusikiliza kesi ya mthamini?" Kura zikapigwa, pendekezo likapita.

Likaja suala la jina, ambalo nililiona dogo na halikuwa dogo. Rasimu yangu ilisema "mwenyekiti mlei". Nilimaanisha mtu asiye wa taaluma yetu, lakini Dodoma hapa mlei ni wa parokiani. Mtu wa kwanza kuisoma aliniuliza kama chama kimekuwa cha kanisa, na mwenzetu Mwislamu akauliza kwa upole kama yeye na ndugu zake wanaruhusiwa kuomba. Tukaandika "mwenyekiti asiye mwanataaluma". Nalo likawaudhi wengine, kana kwamba mtu hana taaluma yoyote. Mwisho tukasema "mwenyekiti wa nje", na hilo ndilo watu wanalotumia.

Sasa kosa, na lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Mara ya kwanza hatukutangaza nafasi. Tulikaa watu wanne tukataja majina, na bila kuambizana kila mmoja alitaja mtu mkubwa. Tulitaka mtu ambaye wanachama wakisikia ametajwa watanyooka. Tukampata kiongozi mstaafu wa serikali, mtu mwungwana sana, na simsemi kwa ubaya hapa. Alikubali kwa moyo safi. Lakini kila lalamiko lilipofunguliwa alitugeukia na kusema, "Haya, wataalamu, mnasemaje?" Wataalamu wakasema, naye akahitimisha kwa walivyosema. Kiti kilikuwa cha mtu wa nje, sauti ilikuwa yetu ileile. Isitoshe, miradi mingi iliyolalamikiwa ilipita mezani kwake enzi za utumishi, kwa hiyo katika mashauri manane alilazimika kujitoa matano. Vikao vingine viliahirishwa kwa sababu yuko Dar es Salaam. Mlalamikaji ametoka Mpwapwa na nauli ya kukopa, anafika anaambiwa arudi baada ya wiki tatu. Baada ya miezi kumi na minne alituandikia barua nzuri ya kung'atuka. Niliisoma usiku nikaona aibu, kwa sababu tulimchagua ili atupe heshima sisi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yule mzee wa Nala angemwonaje.

Mara ya pili tulianza na karatasi tupu.

Swali lililotuchukua muda mrefu ni nani hasa ni mtu wa nje. Kutokuwa mthamini hakutoshi. Mpima ardhi anakula nasi sahani moja. Dalali wa viwanja hali kadhalika. Mke wa mthamini? Baba yake? Mtu ambaye shamba lake mwenyewe liko kwenye orodha ya fidia iliyoandikwa na mwanachama wetu? Aliyestaafu jana kutoka ofisi inayotupa kazi? Tulibishana jioni mbili, tukaandika: awe hajawahi kufanya kazi ya uthamini, upimaji, mipango miji wala udalali, mwenzi wake au mtoto wake asiwemo humo, asiwe na madai ya ardhi yanayosubiri, na kama alifanya kazi kwenye taasisi inayotuajiri, iwe imepita miaka mitano. Pia akiingia ataje maslahi yake kwa maandishi kila mwaka, na tena mwanzoni mwa kila shauri.

Kisha tukafuta. Rasimu ilikuwa inadai shahada ya uzamili, uzoefu wa uongozi wa ngazi ya juu, na Kiingereza fasaha. Nikauliza kila kimoja kinamsaidia nani siku ya kikao. Mashauri yetu yanasikilizwa kwa Kiswahili. Walalamikaji wengi hawana hata kidato cha nne. Tukaacha vitatu: anasoma faili na kulielewa, anasikiliza pande mbili bila kuonyesha amekwisha kuamua, na anaweza kumwambia msomi anyamaze bila kumdhalilisha. Tangazo lenyewe, lililokuwa limeandikwa Kiingereza kama matangazo mengi ya nafasi za namna hii, tukaliandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tukalibandika ofisi za kata, tukaomba lisomwe kanisani na msikitini baada ya ibada, tukalipeleka kwenye SACCOS za walimu na wauguzi. Barua thelathini na moja zilikuja. Mara ya kwanza tulikuwa na majina manne, yote ya watu tuliokwisha kunywa nao chai.

Posho nayo ilileta ubishi mkali. Wenzangu walitaka mwenyekiti ajitolee, kwa kuwa asiyelipwa hanunuliki. Mimi niliona kinyume chake, na bado naona hivyo: ukisema kazi ni ya bure umeshachagua kwamba itafanywa na mwenye nacho, na mwenye nacho mjini kwetu mara nyingi ana viwanja. Lakini ukimlipa sana ataogopa kukipoteza kiti, na anayeogopa hivyo ataanza kutupendeza. Tukakubaliana posho ileile ya wajumbe wengine, nauli ya kutoka anakotoka kweli, zilipwe siku ileile, na fedha hizo zitengwe mwanzoni mwa mwaka ili mweka hazina asiweze kuzikawiza akikasirishwa na uamuzi. Muda ni miaka mitatu, unaweza kuongezwa mara moja. Kumwondoa kunahitaji theluthi mbili ya mkutano mkuu na sababu zilizoandikwa. Bila kifungu hicho mwenyekiti anakaa kwa hisani yetu, na sisi ndio tunaoamuliwa.

Usaili tuliufanya kwa faili. Kila mmoja alipewa kurasa ishirini za lalamiko tulilolitunga, akakaa nalo saa nzima chumba cha pembeni. Kisha akakalishwa kwenye kiti kuongoza kikao cha majaribio, na mwenzetu mmoja akijifanya mthamini anayemwaga istilahi bila kupumua. Tulitaka kuona nani atamkatiza, na kwa namna gani.

Mchungaji mmoja mwenye roho nzuri alimfariji mlalamikaji hadi akamwahidi kwamba haki yake itapatikana, kabla mlalamikiwa hajafungua mdomo. Askari mstaafu alimhoji mlalamikiwa kama yuko mahabusu. Mama mfanyabiashara alikuwa na akili kali kuliko wote, ila alipojaza fomu ya maslahi tukaona ana viwanja karibu kila kata, mwenyewe alicheka akasema, "Basi, niacheni."

Halafu akaja mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke, nyumbani kwao Kongwa, amevaa kitenge, mkononi ana kauntabuku. Kwenye barua yake, iliyoandikwa kwa mkono, alisema amekuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo kwa miaka tisa. Yule mwenzetu alipoanza kumwaga istilahi, akamwacha kama dakika mbili, kisha akainua kalamu. "Baba, samahani. Hilo neno la mwisho liseme tena kwa namna ambayo mlalamikaji ataelewa. Ukimaliza nitamwuliza yeye, sitakuuliza wewe, kama ameelewa."

Ni lazima niseme kwamba mimi sikumpa alama za juu. Nilimpa za pili. Wa kwanza wangu alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye wasifu wa kurasa tisa, na nilipoulizwa sababu nilijikuta nasema "ana hadhi". Neno hilohilo tulilolitumia mara ya kwanza. Wenzangu wawili walinizidi kura.

Tulimpa siku mbili za mafunzo. Moja alikaa na mshauri wa sheria, ambaye huhudhuria vikao bila kura, akamfundisha Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba: mtu asikilizwe kikamilifu, na awe na mahali pa kukata rufaa. Ya pili tulimpeleka shambani kuona uthamini unavyofanyika, kuanzia kuhesabu mizabibu hadi kujaza fomu. Aliuliza maswali mengi ya kitoto, kwa maana nzuri ya neno hilo. Kwa nini mwenye mali anaweka sahihi kabla ya kusomewa? Kwa nini nakala yake inatoka imefifia? Vijana tuliokwenda nao walianza kujibu kwa haraka, wakaishia kutazamana.

Shauri lake la tatu ndilo lililonionyesha tulichopata. Mlalamikaji alikuwa mzee asiyejua kusoma, aliyeweka dole gumba kwenye fomu. Alisema siku ile mizabibu yake haikuhesabiwa. Mwanachama wetu alisema ilihesabiwa, na fomu ilionyesha idadi na dole la kukubali. Wajumbe wathamini, mimi nikiwaandikia mihtasari, walitumia karibu saa nzima juu ya viwango vya bei: kama mzabibu wa umri ule ulipewa thamani sahihi. Ilikuwa imepewa sahihi kabisa. Mwenyekiti alikuwa kimya, ameishika fomu halisi, akiigeuza kwenye mwanga wa dirisha jinsi walimu wanavyoangalia daftari la mtoto aliyenakili. Halafu akauliza, "Dole hili liliwekwa kabla ya tarakimu au baada ya tarakimu?"

Hakuna aliyeelewa. Akatuita tukaona. Wino wa kalamu ulikuwa umepita juu ya wino wa muhuri. Dole lilikuwa chini, namba juu yake. Mzee alikubali karatasi tupu.

Mwanachama alikaa kimya, kisha akasema kweli: siku ile jua lilikuwa linazama, zimebaki kaya kumi na moja, akakusanya madole kwanza na hesabu akazijaza kesho yake kwa kukadiria. Sikumwona kama mwizi, na mwenyekiti hakumwita mwizi. Alisimamishwa uanachama kwa mwaka, jambo likapelekwa kwa Bodi, na mzee akaandikiwa barua ya kuambatanisha kwenye malalamiko yake ya fidia. Mimi nimeziona fomu kama zile mamia. Nimezitazama kwa jicho la mtu anayetafuta thamani, na dole lilikuwa kwangu alama tu ya kwamba kisanduku kimejazwa.

Mapungufu yapo. Vikao vyake ni virefu. Shauri lililokuwa linakwisha asubuhi linafika alasiri. Mwanzoni aliwasemesha wathamini vijana kama wanafunzi wake, hadi mmoja akamwambia mbele yetu, "Mama, mimi ni mtu mzima." Akajibu, "Umenisahihisha, asante," na hakurudia. Siku nyingine mlalamikaji alimsalimu "Mbukwenyi", akaitikia vizuri, wakaongea Cigogo kidogo kwa furaha. Kisha akasimama, akamweleza mlalamikiwa, kijana wa Kagera, kila neno lililosemwa, na kutoka hapo kikao kikaendelea kwa Kiswahili kitupu.

Yuko pia mama mmoja wa Ihumwa aliyeshindwa. Lalamiko lake lilihusu kiasi, na mwenendo wa mthamini haukuwa na kasoro. Alikasirika, alisema maneno makali. Mwenyekiti hakumtetea mwenzetu wala hakujitetea. Alimwomba akae, akachana karatasi kwenye kauntabuku, akamwandikia kwa mkono ofisi ya kwenda, nakala za kubeba, na kwamba asichelewe. Yule mama aliisoma mara mbili, akasahihisha jina la mtaa wake lililokosewa, akaichukua.

Muda wake wa pili unakwisha mwaka huu. Tulimwomba atusaidie kumchagua atakayempokea, akakataa, akasema kiti si urithi. Alichokubali ni kulisoma tangazo jipya, na amefuta maneno mawili aliyoona ni magumu. Limebandikwa tangu wiki iliyopita, safari hii hadi Mnada wa Msalato. Barua zinapokelewa mpaka Ijumaa ijayo. Leo asubuhi zilikuwa saba, tatu zimeandikwa kwa mkono.